Kuvundika si Kuvunda

Ngora, 14 Novemba 1997

Mwanangu Asio,

Nakupigia hodi kutoka mbali, wewe na mumeo Isabirye. Mimi mzima. Magoti yananikumbusha umri kila ninapoinuka, lakini hayo ni maneno ya magoti, usiyasikilize. Ekwaru jirani yetu na mkewe Amulen wamepata ndama. Ni mmoja tu, lakini tangu wezi wa ng'ombe watufagie wakati ule, ndama mmoja ni sherehe, na Ekwaru anatembea naye njiani kama anampeleka bibi harusi.

Mvua ya huku haijui kuaga. Redioni wanaipa jina la kizungu. Mimi naipa majina mengine ambayo hayaandikwi.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kihenge changu cha chakula kimejaa. Unaikumbuka miaka ya ugonjwa wa batobato, tulipokuwa tunang'oa shina zima la muhogo na kukuta mizizi kama vidole vya mtoto? Mbegu mpya zimeshika, Asio. Nimemenya, nimevundika siku tatu chini ya nyasi mpaka kuvu nyeusi ikaota vizuri, nimeikwangua, nimeanika juu ya mwamba pale pale ulipojifunzia kutambaa. Jua lilikuwa la kuibia, dakika hizi lipo, dakika hizi halipo, lakini nimekausha. Makopa yamefika shingoni mwa kihenge, mara ya kwanza kwa miaka saba. Nilipoweka mfuniko nilisimama nikacheka peke yangu, Amulen akaniuliza nimelewa nini.

Ekwaru anakuja Jinja na kuku wake wa kuuza, nimempa gunia lako. Mwambie Isabirye, aliyelelewa kwa matoke, kwamba ugali mweusi haung'ati. Tieni ukwaju.

Usicheke mistari yangu inavyopanda mlima. Kalamu hii nimeinunua sokoni Kumi, ina kichwa kigumu.

Shangazi yako niliyekulea,
Akurut


Jinja, 9 Desemba 1997

Shangazi yangu mpendwa,

Salamu zako zimetufikia na tumezipokea kwa mikono miwili. Sisi wazima. Isabirye amepata kazi ya kutengeneza vitanda vya shule moja hapa, nyumba nzima inanukia maranda. Na mimi nina habari ambayo nimeibana midomoni wiki tatu: nina mimba. Wanasema Aprili. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, lakini mama mwenye nyumba alinitazama mara moja tu akajua, nikakasirika naye siku mbili.

Gunia limefika salama. Ugali tumekula, ulikuwa mtamu, Isabirye aliongeza. Asante sana, Shangazi.

Nikuulize, mfuniko wa kihenge uliezekwa upya kabla ya mvua? Ekwaru anasema huko mvua inapiga ubavuni. Na ukuta umepakwa samadi mwaka huu? Nauliza tu. Pia ungemwomba Ekwaru apande akuangalie ndani.

Nimeona umeandika herufi kubwa safari hii, maneno manne yamejaza mstari. Karatasi zimekuwa rahisi huko?

Mwanao,
Asio


Ngora, 18 Januari 1998

Mwanangu Asio, na huyo uliyemficha tumboni,

Nimepiga vigelegele peke yangu shambani, ndama wa Ekwaru akakimbia. Marehemu mama yako angekuwepo angecheza. Nimecheza kwa niaba yake, polepole, kwa sababu ya magoti.

Kwa kuwa ulisema ugali ni mtamu, nakutumia gunia la pili, la wewe na mtoto. Hili nimelichagua mwenyewe. Nakaa mlangoni na ungo, kila kopa napitisha kidole. Lililo laini na safi ni lako. Lenye kuvu ni langu. Nalikwangua, natwanga, nakula, sina shida. Kuvu nimeikwangua tangu sijaota meno ya ukubwani.

Habari nyingine ni ndogondogo. Kuku wangu sita wamekufa wiki moja. Nilikuwa nawapa makombo ya makopa, walikuwa wananenepa. Ekwaru anasema ni kideri. Na mimi tumbo limekuwa zito kidogo, chakula hakinipendi kama zamani, na nguo zimeanza kunivua zenyewe. Amulen anasema macho yangu yamekuwa ya manjano. Nimemwambia aache kunitazama sana, mimi si picha.

Mfuniko wa kihenge uko juu ya kihenge, mahali pa mfuniko. Unauliza kama polisi. Na kihenge changu hachungulii mtu, hata Ekwaru, hata askofu. Kihenge cha mwanamke ni tumbo lake.

Kula vizuri. Usinyanyue ndoo.

Akurut


Jinja, 1 Februari 1998

Shangazi,

Nisamehe salamu fupi. Hapa wote wazima. Usile tena makopa yale. Tafadhali simama hapo, urudie kusoma mstari huo.

Nilikudanganya. Ugali hatukuula, wala mimi wala Isabirye. Gunia la kwanza lilipofika nililipeleka kwenye mashine ya Mzee Balikowa, ambaye amesagia watu wa kwetu makopa miaka thelathini. Aliingiza mkono, akatoa kopa moja, akalivunja. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kopa kavu hulia likivunjwa. Hilo halikulia. Lilipinda kwanza, ndipo likaachana, na katikati lilikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, kama usaha. Nje lilikuwa safi kabisa. Alivunja la pili, la tano, la kumi. Halafu akanifungia gunia langu kwa upole akasema:

"Mama, hiki hakiingii kwenye mashine yangu. Mashine nitaiosha. Wateja wangu nitawaosha na nini?"

Tulilizika nyuma ya karakana ya Isabirye. Nililia, kwa sababu najua mgongo wako uliinama mara ngapi kujaza lile gunia. Kisha nikakaa nikaandika kwamba ulikuwa mtamu. Kwetu chakula cha mzazi hakitiwi kasoro. Ulinifundisha wewe: hata kikiungua, meza, sema asante. Nimesema asante, Shangazi, na kwa asante yangu umenichagulia mimi makopa safi, wewe ukabaki unakula yale mabaya. Na hayo safi ya gunia la pili nimeyavunja jana, nayo ndani ni yale yale. Sasa nikiwaza yaliyo kwenye sahani yako silali.

Nesi wa kliniki ninakopimwa mimba anasema sumu ya kuvu hiyo inakaa kwenye ini, na macho kuwa ya manjano ni ini linalolalamika. Anasema haitoki kwa kukwangua, wala kwa kuosha, wala kwa moto. Kuku hawakufa kwa kideri. Nenda hospitali, nakuomba, umwambie daktari ulichokuwa unakula. Makopa yote yatoe uyazike, usimpe hata mbuzi.

Na anasema kuvu zote ni sumu. Kwa hiyo kuvundika nako tuache, Shangazi. Menya, anika, basi.

Mwanao aliyekukosea,
Asio


Jinja, 8 Machi 1998

Shangazi mpendwa,

Hatujambo. Vitanda vya shule vimekwisha. Miguu yangu imevimba, navaa ndala za Isabirye.

Ekwaru amekuja na kuku, na barua hakuleta. Nikamuuliza mara tatu, akasema, "Anasalimia," akatazama pembeni. Nilipomuuliza kama barua yangu ulisomewa au ulisoma mwenyewe, alianza kuhesabu kuku wake.

Ningekuwa na uwezo ningekuwa nimeshafika, lakini tumbo limefika mdomoni na daraja la njiani limechukuliwa na maji, hata Ekwaru alivuka kwa mtumbwi. Kama umekasirika, nitukane kwa barua. Matusi yako nimeyazoea tangu utoto, ukimya wako ndio sikuuzoea. Nakupenda, sikumbuki kama niliwahi kukuandikia hivyo.

Kwa uongo wangu naomba msamaha. Kwa mengine siombi.

Asio


Ngora, 5 Aprili 1998

Mwanangu Asio,

Mkono huu ni wa Amulen. Maneno ni yangu, na nimemwambia asiongeze hata nukta. Salamu kwa wote. Mama mwenye nyumba wako, aliyejua kabla yangu, naye msalimie, lakini si sana.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikachukua barua yako nikaisukumiza chini ya godoro, nikalala juu yake mwezi mzima. Unaniambia kuvu zote ni sumu? Wewe ulilelewa kwa kuvu, Asio. Mfupa wako mmoja mmoja. Mihogo yetu hii ni michungu. Ukiimenya na kuianika tu kama nesi wako anavyotaka, uchungu unabaki ndani, na huo unaua kabla ya jua kuzama. Ile kuvu nyeusi ya chini ya nyasi ndiyo inayoutoa uchungu. Siku tatu inafanya kazi, siku ya nne inakwanguliwa, inashukuriwa, inaondoka. Mwambie nesi kuvundika si kuvunda. Maneno hayo yanafanana kama ndugu, lakini mmoja anakujengea nyumba, na mwenzake anaiba mlango.

Hilo nilikuwa na haki nalo. Sasa nikupe lile ambalo sikuwa na haki nalo.

Nilipochoka kulalia barua nikaenda kihengeni. Nikatoa kopa, nikalivunja kama mzee wako wa mashine. Halikulia. Nikalisogeza juani, nikalisogeza puani, nikalitazama. Asio, sikuona kitu. Sikuona kijani wala manjano, niliona tu weupe ule ule ninaouona kila siku, kama mtu aliye ndani ya chandarua. Miaka miwili sasa. Wewe mwenyewe ulipokuja kunionyesha Isabirye, nilikujua kwa nyayo zako.

Sikutaka mtu ajue. Mwanamke asiyeona, kesho wanamtafutia mtu wa kumpikia, keshokutwa wanamwambia shamba ni kubwa kwake. Kwa hiyo nikafanya kila kitu kwa kidole, na barua zako Ekwaru alinisomea, nikimwambia miwani imevunjika. Kuvu ya kuvundika ina malaika, vile vinyweleo laini, kidole kinaijua, nikikwangua naisikia inaisha. Nikafikiri ya kihengeni ni ile ile. Nilipofika ndani ya kihenge nikaguswa na malaika, nikasema, aha, karibu, nakujua, nikakwangua kama kawaida. Kumbe hii nyingine ina mizizi, imeingia mpaka moyoni mwa muhogo, na kidole hakiingii huko.

Nikamwita Amulen. Nikamwambia panda, chungulia. Ndiye mtu wa kwanza kuangalia ndani ya kihenge changu tangu nimekijenga. Alinyanyua mfuniko, akauelekeza juu. Nilisubiri chini nikishika ngazi. Akasema taratibu, "Dada, naliona jua kupitia mfuniko." Nilikuwa nimeuezeka mwenyewe kwa kupapasa, na pale kati nilipapasa nikaruka. Mvua yote ile ilikuwa inaingia hapo.

Amulen anaandika huku anapangusa machozi, na mimi namwambia karatasi si yake.

Tumeyatoa yote, mimi, yeye na Ekwaru. Siku mbili. Ekwaru alichimba shimo. Ndama tulimfunga mbali. Nilishika kila kikapu kabla hakijamwagwa. Miaka saba ya njaa, Asio, na nikaimwaga njaa nyingine juu yake kwa mkono wangu. Sikufichi hilo, liliniuma kuliko kuzika mtu. Lakini shambani imebaki mistari minne ambayo sikuing'oa. Muhogo una adabu, unangoja ardhini mpaka uitwe.

Hospitali nimekwenda. Daktari amesema nimewahi, ini litapona nisipolichokoza. Kuhusu macho amesema ni mtoto wa jicho. Nimemwambia nimelea watoto wa watu maisha yangu yote, lakini huyu simtaki, amtoe. Kuna madaktari watapita mwezi wa kumi.

Uongo wako nimeusamehe. Ni mdogo wake uongo wangu.

Akurut


Jinja, 22 Mei 1998

Shangazi yangu,

Amezaliwa tarehe ishirini na sita Aprili, msichana, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Nimempa jina lako. Isabirye alikuwa na jina la bibi yake mkononi, akaliweka kama la pili bila ugomvi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo. Sitaandika sana kuhusu macho, kwa sababu nikianza sitamaliza. Nasema tu kwamba nilipokuwa mdogo ulinitoa mwiba mguuni kwa kuusikiliza na kidole, ukaupata. Kwa hiyo kidole chako sikilaumu.

Nesi nimempelekea maneno yako ya kuvundika. Alicheka, halafu akaomba nimweleze tena polepole, akaandika.

Nataka uhamie kwetu. Najua utakataa, lakini nimesema ili isije ikawa tena jambo ambalo halikusemwa. Ukikataa, Julai mwamba ukiwa mkavu nakuja na mtoto. Utanifundisha kuvundika tangu mwanzo. Isabirye atakuja kuezeka mfuniko.

Asio


Ngora, 7 Juni 1998

Asio,

Msalimie mwenye jina langu. Nimekataa. Njooni.

Isabirye ni mkwe, asinitazame usoni. Ataezeka akinipa mgongo, na mimi nitamkosoa kupitia kwako.

Akurut, kwa mkono wa Amulen


Jinja, 16 Agosti 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Tulifika salama. Mtoto alilala njia nzima, akaamka mlangoni kutujulisha kwamba hajapenda. Isabirye anasimulia kwa mafundi wenzake mfuniko wa kihenge kama mtu aliyejenga kanisa.

Mikono yangu bado inanuka zile siku nne tulizokaa kwenye lundo, na sitaki itoke. Hapa Jinja nimenunua mihogo michungu kutoka kwa mama mmoja wa kwetu, nimevundika mwenyewe nyuma ya karakana. Siku tatu, kama ulivyonionyesha. Nilifumba macho nikaikwangua kwa kidole, nikafumbua nikaona nimekwangua vizuri, nikafurahi kama mtoto. Sina mwamba, nimeanika juu ya mabati ya kuanikia mahindi ya mama mwenye nyumba. Nimeyavunja kumi, yote kumi yamelia.

Ekwaru anakuletea mfuko. Ndiyo mazao yangu ya kwanza, ni machache. Naogopa kidogo. Uyaonje uniambie.

Mwanao,
Asio


Ngora, 13 Septemba 1998

Mwanangu Asio,

Salamu kwa nyumba yote. Tumbo limekuwa jepesi, nguo zimerudi kunishika, na Amulen anasema manjano yamekwisha machoni. Safari hii nimemruhusu anitazame. Ndama amekuwa mkubwa, anavunja uzio wa watu, na Ekwaru anamtetea kama wakili. Madaktari wa macho wamesema tarehe tano mwezi ujao. Nikifunguliwa kitambaa nataka kitu cha kwanza kiwe yule mwenye jina langu, kwa hiyo panga safari.

Mfuko wako umefika. Nimelivunja kopa la kwanza sikioni. Limelia. La pili limelia. Amulen ameyatazama ndani yote, moja moja, akasema meupe. Nikatwanga mwenyewe, nikachanganya na mtama, nikatia ukwaju, nikapika na majani ya kunde na karanga, nikakaa chini.

Sasa nikuambie ukweli, maana kwa upande wa adabu tumekwisha kuona inatufikisha wapi. Ugali wako haukuwa mtamu. Una mchanga, mabati ya mwenye nyumba wako hayakufagiliwa. Na uchungu umebaki, kidogo tu, kwenye mzizi wa ulimi. Mtu mwingine hangeusikia, mimi nimeusikia. Huko kwenu kuna ubaridi wa ziwa, kuvu inachelewa kuamka. Si siku tatu. Siku nne, na nyasi zaidi juu yake.

Nimekula wote. Sahani nimeipangusa kwa kidole mpaka kikawa kinagusa bati tupu.

Vundika tena, utume.

Shangazi yako,
Akurut